Nyumba ya Saba ya Thrane

Kwenye ukuta wa mbele wa nyumba ya Dulcie Rebello, huko Agincourt, pembeni mwa Toronto, kuna matundu manne ya skrubu. Nikifika pale hutazama viatu vyangu mpaka mlango ufunguliwe. Matundu yale niliyasababisha mimi, Madatali Virani, mwenye miaka sabini na mmoja, mzaliwa wa Tanga, mchora ramani mstaafu, mume wa Shahnaz, na kwa muda wa miaka miwili bingwa wa dunia nzima juu ya msanifu majengo ambaye dunia nzima haimjui.

Aliitwa Wendell Thrane. Alikuwa Mmarekani wa Buffalo, akahamia Toronto mwaka 1906 baada ya kugombana na mbia wake. Kwa miaka kumi na miwili alijenga hapa majengo kumi na tisa, kisha ile homa kubwa ya mafua ya 1918 ikamchukua, ramani zake zikaungua ghalani, na jina lake likasahaulika. Nyumba zake nne zilivunjwa mtaa wa Regent Park ulipojengwa mara ya kwanza. Ghorofa ninayokaa na Shahnaz imesimama pale pale zilipokuwa, na siku nilipoligundua hilo nilimwamsha mke wangu usingizini kumweleza, akaniuliza kama nina homa. Mengine yalipisha barabara na maegesho. Yamebaki sita: maktaba moja ndogo, ghala la mbegu lililogeuzwa makazi, shule, kituo cha zimamoto kinachouza mikate siku hizi, nyumba moja ya tajiri wa biashara ya ngozi, na kibanda cha kungojea tramu ambamo sasa mama mmoja anauza maua.

Mguu wa kushoto wa Thrane ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Kwa hiyo katika kila jengo, pale ngazi inapokata kona, aliweka kiti cha mbao chini ya dirisha, kimeshikana na ukuta, mikono yake imepinda kidogo ili mtu apate pa kushika anapoinuka. Hata kwenye kile kibanda cha tramu, kisicho na ngazi, alikiweka kiti hicho. "Kila mtu ana haki ya kupumzika katikati ya njia," aliandika katika barua moja. Niliposoma maneno hayo nilitokwa na machozi, mimi niliyechora vyoo na maegesho ya magari kwa miaka thelathini na minne katika ofisi za watu, na sikuwahi kutia jina langu kwenye mchoro hata mmoja. Shahnaz akamwita Thrane mke mwenzake.

Barua hiyo hiyo inataja "nyumba ya daktari, Agincourt". Nyumba yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Nilitoa kijitabu juu ya yale majengo sita, nikatoa na hotuba. Walikuja watu kumi na mmoja, na wanne kati yao nina hakika walikuwa wanakimbia baridi. Mzee mmoja akaniuliza, "Na la saba?" Nilirudi nyumbani na swali hilo likinila. Nilitaka la saba kama mtoto anavyotaka kitu cha dukani, na sisemi hivi ili nionewe huruma.

Kila Agosti sisi watu wa Tanga tulioko Toronto hukutana bustanini, Wagoa, Waismailia, Waswahili, kila mmoja na sufuria lake. Vijana wetu hukaa pembeni wakijibu kwa Kiingereza, na sisi wazee tunapiga Kiswahili chetu cha zamani mpaka koo zikauke. Mwaka ule nilikuwa nikizungusha picha ya kiti cha maktabani, nikiwachosha watu, ndipo Dulcie akaniondolea picha mkononi. Alikuwa mjane wa miaka themanini na mbili, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Kaka Mada, mbona kiti hiki ninacho kwangu?"

"Kiti gani, Mama Clive?"

"Hiki hiki. Kwenye ngazi. Njoo Jumatano ukione, na uje na njaa. Sufuria lako nitalitenga, usiwe na wasiwasi, nyama ya nguruwe hailijui."

Jumatano nilikuwa mlangoni kwake kabla ya saa tuliyopatana. Nyumba ya matofali mekundu, ghorofa moja juu, ngazi tano za mawe mbele. Nilikuwa nimeshachimba kwenye kumbukumbu za zamani nikakuta daktari aliwahi kupanga katika mtaa ule, ingawa si lazima iwe nyumba ile. Niliingia, nikainua macho, na pale ngazi ilipokata kona, chini ya dirisha, kilikuwepo. Mikono ilikuwa imepinda vile vile, na miguu ilikuwa minene vile vile. Nilimwomba Dulcie ruhusa, nikapanda, nikalala chali sakafuni kama fundi wa magari, nikajisukuma chini ya kiti na tochi yangu nione mbao zilivyounganishwa.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Baba yangu alikuwa na duka la fanicha Ngamiani, mjini Tanga, nami nimekulia kwenye vumbi la mninga. Lilikuwa kwenye nywele zetu, kwenye mkate wetu. Nilikwaruza ubao kwa ukucha, nikanusa. Mninga haukui Canada. Haukui Buffalo. Nikasogeza tochi, na pale juu ya pua yangu, kwa wino mweusi wa chapa, kichwa chini miguu juu, palikuwa pameandikwa: P. REBELLO. TANGA – TORONTO.

Mtu yeyote wa Tanga wa rika langu anazijua herufi zile. Tulipohama miaka ya sabini, vitu vyetu vilikuja melini ndani ya makasha, na majina yetu yalipigwa chapa ubavuni. Wengi tuliundiwa makasha ya mbao hafifu. Percy Rebello, mume wa Dulcie, alikuwa seremala wa karakana ya reli, akaunda la kwake kwa mninga, akijua kabisa kwamba akifika huku hatalitupa. Na hakulitupa.

Nilizima tochi. Hakuna aliyeniamuru. Nililala gizani chini ya kiti cha marehemu, nikajiambia kwamba macho yangu ni ya kizee, na kwamba pua si ushahidi.

"Umeona nini huko chini?" Dulcie akauliza.

"Vumbi tu, Mama Clive."

Akanitazama ninavyojikung'uta. Kisha akacheka taratibu. "Vumbi? Haya. Njoo unywe chai."

Katika ripoti niliyoipeleka kwenye kamati ya majengo ya kale, penye neno *mbao*, niliandika "mti wa jozi, wa huku huku". Niliandika kwa mwandiko mzuri. Niliandika pia kwamba ngazi tano za mbele ni za asili na zisiguswe, kwa sababu ripoti yenye masharti huonekana ya kitaalamu. Waliniamini. Nani angebishana na bingwa wa Thrane, iwapo bingwa ni mmoja tu?

Kibao cha kumbukumbu kilipachikwa ukutani Oktoba. Cha bluu, kimeandikwa jina la Thrane kwa herufi kubwa na chini kabisa, kwa herufi ndogo, langu: *Utafiti wa M. Virani*. Kichwa changu kilivimba hata kofia ikakataa. Kijitabu nikakitoa upya, safari hii na la saba, nikaitwa kuhutubia mara tatu. Dulcie akatandika kitambaa cha meza cha harusi yake, na badala ya kunipa kikombe cha wageni na kisahani chake, akanimiminia chai kwenye kopo la bluu la enameli, limebanduka ukingoni.

"Hili la Percy," akasema. "Tangu tumzike hakuna aliyelinywea."

Tangu siku hiyo kila nikija nilipewa kopo lile. Nami nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba ni heshima inayomstahili bingwa.

Februari iliyofuata Dulcie aliteleza kwenye barafu nje ya kanisa, akavunjika nyonga. Madaktari walimtengeneza, lakini miguu haikurudi. Akarudi nyumbani na kiti cha magurudumu. Kwanza Jumapili wanaume wawili wa kanisani walikuja kumshusha zile ngazi tano, wamembeba na kiti chake, naye anafumba macho na kushika rozari. Mmoja akateleza siku moja, wakanusurika. Baada ya hapo akasema hataki tena kubebwa kama kabati. Padri akawa anamletea komunyo Ijumaa. Mwanawe Clive, aliyeko Calgary, akaomba kibali cha kujenga njia ya mteremko mbele ya mlango, kwa maana ubavuni hapapiti kiti.

Kamati ikajibu kwa adabu kwamba ngazi tano ni za asili na haziguswi. Wakanukuu ripoti. Yangu.

Clive akanipigia. "Uncle, you're the expert. Just tell them it's okay." Nikamwambia nitaandika. Niliandika kurasa tatu zisizosema kitu. Ningesema ngazi si za Thrane, wangeuliza nimejuaje, na ningejibu hilo, wangeuliza na habari za kiti. Kamati ikaahirisha mara ya kwanza, ikaahirisha mara ya pili. Mwaka ukaisha Dulcie hajatoka nje tena isipokuwa kwa gari la wagonjwa.

Shahnaz alizisoma zile kurasa akiwa amesimama jikoni, miwani puani.

"Madatali, hii barua inasema nini?"

"Inasema suala linahitaji kutazamwa kwa mapana."

"Mapana gani? Yule mama anataka kwenda kanisani. Wewe una kitu unaficha. Nimekaa nawe miaka arobaini na sita, ukiandika 'kwa mapana' kuna kitu unaficha."

Nikamwambia. Mara ya kwanza kulisema kwa mdomo. Hakunipigia kelele, na hilo liliniuma kuliko kelele. Alisema tu nivae koti.

Nilimkuta Dulcie sebuleni, ambako siku hizi ndiko kulala na ndiko kushinda, kwa kuwa juu hapandi. Kiti cha Percy sasa anakiona kwa mbali, akiwa chini, kupitia mlango ulio wazi. Alinielekeza kopo lilipo, nikajimiminia, nikakaa.

"Mama Clive, nina jambo. Kuhusu kile kiti."

"Herufi?" akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nilijua umeziona," akasema, na macho yake yalikuwa yakicheka. "Ulitoka kule chini uso umekusawijika, halafu unaniambia vumbi! Nikasema, aisee, huyu mtoto wa Tanga ameamua. Wewe unajua Percy huku alifanya kazi gani? Alipangusa ile maktaba miaka ishirini na miwili, you know. Kile kiti cha Mmarekani alikipaka nta kila Ijumaa. Mwisho akatengeneza chake kwa macho tu, hakupima, akavunja kasha lake la Tanga. Hakuna aliyemwambia hongera. Wageni walikalia na kuweka makoti. Wewe ukaja, ukaona ni kazi ya Percy, na bado ukasema hii ni kazi ya msanifu mkubwa. Ukawadanganya wakubwa wote wale ili kazi ya Percy wangu ipate kibao ukutani. Sasa unadhani kopo lile nilikupa kwa nini?"

Ningeweza kulimaliza pale pale. Maneno mawili yalitosha: si hivyo. Nilitazama ndani ya kopo. Aibu ilinivaa kuanzia miguuni, na juu ya aibu, naona haya kusema, palikuwa na raha kidogo ya kufikiriwa mtu mwema.

"Alikuwa fundi kweli," nikasema.

"Basi usiende kusema kitu huko. Mteremko wasinipe. Padri anakuja Ijumaa, na Clive akija atanibeba. Kibao kibaki."

Njia nzima ya kurudi, basi kisha treni kisha tramu, nilijiona mchafu. Nilimweleza Shahnaz yote. Alikuwa akikunja nguo.

"Kwa hiyo," akasema, "amekubali kufungiwa ndani kwa ajili ya wema ambao hukuutenda."

Akanipa shuka nishike upande wa pili.

Mwezi Aprili kamati ikatuma watu kuja kuziangalia ngazi wenyewe kabla ya uamuzi wa mwisho. Walikuja wazee wawili na ofisa wao kijana aitwaye Laiba, binti mpole mwenye hijabu ya kijivu na futi ya chuma mkononi. Nami niliitwa, kama bingwa. Dulcie alikuwa ukumbini, chini ya ngazi, amepaka poda, amevaa gauni la kanisani. Aliponiona akanikonyeza.

Walizitazama ngazi za mawe. Wakaingia ndani kuona kiti. Laiba akasoma kwa sauti maneno yangu mwenyewe kutoka kwenye ripoti, kuhusu mguu mfupi wa Thrane na haki ya mtu kupumzika katikati ya njia. Alipofika mwisho akashusha karatasi, akamtazama Dulcie kwenye kiti chake cha magurudumu, akatutazama sisi.

"Samahani," akasema kwa Kiingereza, "lakini huyu msanifu aliweka viti kwa ajili ya watu wenye miguu mibovu. Na sisi kwa jina lake tunamzuia mama mwenye miguu mibovu asitoke nje?"

Wale wazee wakakohoa. Mmoja akasema sheria ni sheria, kama jengo ni la Thrane.

Nilipanda ngazi. Nikavua koti, nikalala chali sakafuni, magoti yakilia, nikajisukuma chini ya kiti. "Njoo na simu yako," nikamwambia Laiba. "Washa taa yake. Piga picha hapa."

Alipiga magoti kando yangu, akamulika. Akazisoma herufi moja moja. Akauliza maana yake, nami nikamweleza nikiwa bado chali, kwa sababu ilikuwa rahisi kuuambia ubao kuliko kumwambia mtu: kasha, meli, seremala, mninga. Kwamba kiti hiki hakina hata miaka hamsini. Kwamba bila kiti hakuna kinachomhusisha Thrane na nyumba hii.

"Kumbe umegundua leo," akasema Laiba. Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, yule binti, na hakujua.

Kutoka chini sauti ya Dulcie ikapanda, kwa Kiingereza safi cha karani: "Yes, yes. Today only. He didn't know."

Nilijitoa chini ya kiti. Nilikaa kwenye sakafu, vumbi kichwani, nikamwona yuko kule chini ameshika magurudumu kwa mikono miwili. Alikuwa ananilinda bado. Kibao kilikuwa kimeshapotea na alikuwa ananilinda bado.

"Hapana," nikasema. "Niliona siku ya kwanza. Nilizima tochi."

"Kwa nini?" Laiba akauliza.

Dulcie alikuwa ananitazama, na nilijua jibu analolingoja. Lingekuwa jibu zuri. Lingemfurahisha kila mtu mle ndani, na wale wazee wangenipigia makofi.

"Nilikuwa na majengo sita," nikasema. "Nilitaka la saba, na jina langu chini yake. Aliyekitengeneza kiti sikumfikiria hata kidogo."

Nilisikia magurudumu yakigeuka, taratibu, kwenye sakafu ya mbao, na Dulcie akaingia sebuleni.

Kibao kiliondolewa Mei. Mteremko ukamalizika Juni, wa saruji, na mkono wa chuma pembeni. Kijitabu changu kina ukurasa wa masahihisho sasa, na ile kazi ya kuhutubia imekwisha, na sitaki nionekane ninajutia hilo. Kwenye masahihisho niliandika kuwa kiti cha Agincourt ni kazi ya Percy Rebello, seremala, wa Tanga. Nilimpelekea Laiba nakala, na nyingine nikaitia kwenye bahasha, nikaipeleka mwenyewe kwa Dulcie, Jumatano moja ya Julai.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amepata rangi kidogo ya jua. Jumapili tatu mfululizo amekwenda kanisani, akasema, na hakuna aliyembeba.

"Karibu, Bwana Madatali."

Hakuniita kaka Mada. Nilikaa pale pale nilipokaa siku zote. Akaisoma karatasi, polepole, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Kisha akajisukuma mpaka jikoni, akakataa nimsaidie, akarudi na sinia magotini. Juu ya sinia palikuwa na kikombe cheupe cha wageni na kisahani chake.

Kopo la bluu lilikuwa rafuni, limeoshwa, limefunikwa mdomo chini.

"Miaka miwili nimekuombea," akasema. "Kila asubuhi. Percy kwanza, halafu wewe."

"Najua, Mama Clive."

"Hujui," akasema. Akanisogezea sukari. "Kunywa, itapoa."

Nikanywa. Tangawizi ilikuwa ile ile, na kikombe kilikuwa kidogo, kiliisha upesi.